Beseni Kwenye Mlolongo

Mignonne Kabemba hakuwa na kamera, hakuwa na kasete, wala hakuwa amewahi kumwona kwa macho yake mtu anayetengeneza filamu. Lakini mwaka ule wa tisini na tatu ungemuuliza kazi yake, angekujibu bila kupepesa: "Mi natengeneza filamu." Na angelisema hilo kwa sauti ya mtu aliyejitwika ndoo ya maji, ndoo iko pale kichwani, kama una shaka inua macho. Wengine hupata vitu kwanza, imani ikaja nyuma. Huyu alianza na imani, vitu akavitafuta njiani.

Alichokuwa nacho ni daftari. Humo alikuwa amechora visanduku kumi na sita kwa kalamu ya risasi, na ndani ya kila kisanduku picha moja: treni inaingia Kolwezi, mguu unakanyaga chini, beseni iko kichwani, mwanamke anaangalia moshi wa kiwanda kwa mara ya kwanza. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa filamu yake, dakika tatu tu. Mwalimu wao wa Kifaransa, aliyekianzisha kikundi cha filamu pale chuo cha ualimu, alikuwa amewaambia wasimletee filamu nzima. "Nileteeni mwanzo," alisema. "Ukiona mlango wa nyumba unajua kama ndani wanafagia." Mwezi wa pili mwalimu mwenyewe akapandishwa treni, maana alikuwa mtu wa jimbo la Kasai, na kazi ile ya nyumbani ikabaki haina wa kuisahihisha.

Usinicheke nikisema hilo halikumpunguzia Mignonne kitu. Kikundi kilianza na watu tisa. Kufika mwezi wa tatu walibaki wawili, yeye na rafiki yake Ndaya, na Mignonne akasema wawili wanatosha: mmoja wa kupanga, mmoja wa kuonekana.

Lazima nieleze kidogo, maana siku hizi kuna watoto wanaodhani Kolwezi ilizaliwa pamoja na simu za mkononi. Zamani kampuni ya migodi ilikuwa baba na mama. Ilikupa nyumba, ilikupa hospitali, ilikusomeshea mtoto, na kila mwisho wa mwezi ilikupa unga. Halafu mgodi wa chini ya ardhi ukaporomoka, mashine zikaanza kunyamaza moja moja, na unga ukakatika. Njaa ikiingia nyumbani, mtu hatafuti chakula kwanza, anatafuta wa kumlaumu. Watu wakasema: ni hawa wa Kasai, wametujazia mji, warudi kwao. Sasa kwao ni wapi? Ndaya alizaliwa hospitali ya kampuni, wiki mbili baada ya Mignonne, kitanda kilekile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, lakini huyu alitagwa hapahapa, akaanguliwa hapahapa, akajifunza kutembea kwa kushika ukuta wa hapahapa. Kamba wakamfunga vilevile.

Familia ya Ndaya ilikuwa stesheni siku ya tisa. Baba yake, Tata Ngeleka, aliyeendesha malori makubwa ya mgodi wa Mashamba kwa miaka ishirini na sita, alitoka nyumbani kwake na magodoro mawili, sufuria, na watoto. Walilala chini ya turubai pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni ambayo kila asubuhi waliambiwa inakuja. Na hapo ndipo shughuli ya Mignonne ilipokuwa na haraka. Treni ikifika, Ndaya anaondoka. Ndaya akiondoka, filamu haina mtu. Visanduku kumi na sita vitabaki daftarini mpaka panya wavisome.

Sababu ya kumtaka Ndaya na si mwingine ni hii: habari yenyewe ilikuwa ya kwao. Bibi yake Ndaya, Tshibola, ndiye aliyetoka Kasai akashuka treni pale Kolwezi mwaka wa arobaini na nane, bibi harusi asiyemjua bwana wake, na beseni ya bati nyeupe yenye ukingo mwekundu kichwani. Bibi alikwisha kufa, beseni ikabaki. Ndaya alikuwa ameisimulia habari hiyo kwa Mignonne tangu wakiwa na miaka saba, kila mara akiongeza kitu. Mignonne akaichukua, akaigawa kwa visanduku, akaandika jina lake juu. Rafiki wa kweli hakudai haki, alidai tu kwamba yeye ndiye avae kitambaa cha bibi.

"Kuya na kamera yako," Ndaya alimwambia pale stesheni, amekaa juu ya godoro lililokunjwa. "Mi niko hapa, siko na kazi ingine. Beseni iko hapa pia. Treni njo sijui itakuja lini."

"Siku ngapi?"

"Uliza treni."

Mignonne akaenda kwa Shafii.

Shafii alikuwa mtoto wa mzee Amadi muuza vitenge, watu wa Maniema, Waislamu, na ndiye aliyekuwa na kamera ya video iliyojulikana mji mzima. Kamera ile ilikaa begani kwake kama mtoto asiyetaka kushuka. Alipiga harusi, ubatizo, matanga na sikukuu za shule, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa mkubwa wa kampuni: uso uliosimama mbele ya kamera haurudishwi. Ulipewa hesabu ya tatu, moja, mbili, tatu, ndipo kamera ikaenda kwa mwingine. Alijifunza hilo kwa machozi. Mwanzoni mwa kazi aliruka uso wa shangazi mmoja kwenye harusi, na ukoo mzima ulikuja dukani kumwuliza shangazi yao ana kosa gani na wamzike lini.

Mignonne alimfungulia daftari juu ya meza ya vitenge. Alimweleza kisanduku kwa kisanduku, mkono ukikata hewa, na kwa malipo akaahidi kuandika kadi zote za mialiko ya wateja wake kwa Kifaransa kizuri mpaka mwisho wa mwaka. Shafii alisikiliza kichwa kikiwa upande. Halafu akaweka kidole juu ya kisanduku cha nne, pale Mignonne alipochora umati wa stesheni kwa viduara vitupu.

"Aba batu habana macho."

"Ni watu wa nyuma tu. Wako pale tayari, hata sitawaita. Beko bengi."

"Batu ya nyuma," Shafii akarudia, akiionja ile kauli. "Ku harusi hakuna mutu wa nyuma, dada. Jaribu uone."

"Hii si harusi, Shafii."

"Naona." Akafunga daftari, akamrudishia. "Niko na kasete moja, harusi ya Rahima iko ndani. Ku mwisho kunabakia dakika makumi mbili. Betri moja tu njo muzima. Kesho kutwa asubuhi."

Nitasema ukweli, maana Mignonne mwenyewe ameusema mara nyingi. Alitoka pale dukani akiwa na furaha tupu. Watu elfu kadhaa na mizigo yao, stesheni nzima, bila kumwomba mtu wala kumvalisha. Alikuwa anahesabu umati ule kama mtu anayehesabu miti ya mandhari. Haikumjia hata kidogo kwamba kuna ubaya. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mwenye kiu haulizi mto ni wa nani.

Nyumbani mama yake, Mama Huguette, alimwona akiosha viatu vya chuo.

"Unaenda kule tena?"

"Naenda kupiga filamu, mama."

Mama Huguette akarudi kwenye sufuria yake. Watu wake walikuwa wa kaskazini ya Katanga, hakuna aliyemgusa, na tangu fujo zianze alijifunza kunyamaza. Miaka ishirini alikuwa amepanga foleni ya unga nyuma ya mama yake Ndaya, kila mwisho wa mwezi. Sasa jina lile halikutamkwa mezani. Mignonne alimkasirikia kwa ajili hiyo, lakini kimyakimya, kwa kuwa hata yeye hakujua angemtaka aseme nini.

Na hiyo foleni ya unga niieleze, tafadhali, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Ghala ya kampuni ilifunguliwa saa mbili, lakini mlolongo ulianza alfajiri. Nani angesimama muda wote huo na watoto wako nyumbani? Basi kila mama aliweka beseni yake kwenye mlolongo, akaenda zake. Mlolongo ukisogea, aliye nyuma aliisukuma beseni iliyo mbele yake kwa mguu, hatua moja, bila kuguna. Mgeni akiuliza hii ya nani, alijibiwa maneno yaleyale siku zote: "Ya mutu. Amekwenda kidogo." Mke wa msimamizi mmoja aliwahi kuondoa beseni ya mwenzake akaweka ya kwake. Miaka miwili hakuna aliyemsalimia, na mwisho bwana wake akaomba uhamisho kwenda kambi ya Mutoshi.

Asubuhi ya siku ile ilikuwa na jua la baada ya mvua. Ndaya alikuwa tayari, kitambaa cha bibi kichwani, beseni imesuguliwa kwa mchanga mpaka ukingo mwekundu unang'aa. Mignonne alimpanga kwenye mwisho wa jukwaa la stesheni. Treni haikuwapo, lakini hilo alikuwa amelitatua: wangeanza na miguu, hakuna anayeona treni akiangalia miguu. Alikuwa na jibu la kila kitu asubuhi ile, na Ndaya na Shafii walimtii kwa sababu hiyo tu.

"Nikiinua mukono, unatembea," akamwambia Ndaya. "Polepole. Unaona Kolwezi mara ya kwanza."

"Naona Kolwezi mara ya mwisho," Ndaya akasema. "Macho ni ileile, usijali."

Shafii akaiweka kamera begani. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Na kabla Mignonne hajainua mkono, mzee mmoja akainuka kutoka kwenye sanduku lake la mbao. Akavuta koti likae sawa, akavua kofia, akaja kusimama mbele ya kamera, mita mbili, mikono ubavuni.

"Mwamba Dieudonné," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitwa kwa orodha na kwa namba ya kazi. "Matrikule elfu kumi na mbili mia inne na tatu. Fundi wa umeme. Kambi ya Mutoshi, nyumba mia mbili kumi na inne. Niliacha mashini ya kushona moja, kitanda mbili, kabati moja, na muti ya avoka, inazaa mara mbili ku mwaka."

Shafii, kwa mazoea, akahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu.

"Tata," Mignonne akasema, "tafadhali, mko kwenye picha."

"Njo vile, mwanangu. Niko kwenye picha."

Nyuma yake mama mmoja alikuwa amekwisha kusimama, anamfuta mtoto pua. Nyuma ya mama, vijana wawili na baba yao. Mignonne hakuelewa. Alidhani wamefurahia kamera, kama watoto wa mtaani. Akaanza kuwasogeza kwa mikono, akipaza sauti: wapishe, wakae kama walivyokuwa, waendelee na shughuli zao. Wakamwangalia kwa upole, wasiondoke. Mama yule akamwambia kwamba hana haja ya kuhangaika, mlolongo watajipanga wenyewe, wamezoea.

Tata Ngeleka ndiye aliyemweleza. Alimvuta kando, mrefu, macho mekundu kwa moshi wa kuni.

"Wiki iliyopita walikuja batu na daftari kuandika majina ya treni. Halafu habari ikatembea kwamba watakuja wengine na mashini, kuandika nyumba na bitu tuliacha, siku moja turudishiwe. Batu banangojea ile mashini. Sasa weye umekuja na mashini."

Mignonne akageuka. Mlolongo ulikuwa umefika kwenye kona ya jengo. Palipokosa mtu palikuwa na beseni, na pasipo beseni sufuria, na pasipo sufuria jiwe lenye kitambaa juu. Wote walikuwa wamejipanga kwa ajili yake, na hapana mmoja aliyekuwa kiduara kitupu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Uso umeumbwa na haya, na wa kwake siku ile ulifanya kazi yake sawasawa.

Akaenda mbele ya mlolongo. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini alisema, kwa nguvu, ili hata wa kwenye kona wasikie. Alisema wao ni wanafunzi. Hawakutumwa na serikali, wala kanisa, wala mtu yeyote. Mashine hii haiandikishi nyumba. Hapa hakuna atakayerudishiwa hata kijiko kwa sababu ya kasete hii. Alikuwa anapiga filamu ya bibi mmoja aliyeshuka treni, basi, na anaomba radhi.

Wachache wakaokota beseni zao wakarudi kwenye turubai. Mzee Mwamba hakuondoka. Alivaa kofia, akaivua tena.

"Ile mashini inashika sura ya mutu, ao haishike?"

"Inashika, tata."

"Na sauti?"

"Na sauti."

"Basi ishike," mzee akasema. "Serikali tuachie sisi wenyewe. Umeisha kushika ya kwangu, shika na ya bale."

Shafii akamwita kwa kichwa. Betri ilikuwa imeshuka. Akasema kwa sauti ya chini, jicho halikutoka kwenye kamera: "Niko na dakika kumi na tatu. Filamu yako, na kurudia-rudia, inaomba kumi. Mi siwezi kurudisha uso, unanijua, lakini kamera leo ni ya kwako. Beseni ao batu? Sema weye."

Kule mwisho wa jukwaa Ndaya alikuwa bado amesimama, beseni kichwani, shingo imenyooka, anangoja mkono uinuliwe. Miezi mitatu Mignonne alikuwa amelala na picha ile. Aliijua kuliko alivyojua sala. Na alijua kwamba kesho huenda treni ikaja na picha ile isipigwe tena na mtu yeyote duniani. Ilimuuma, nakwambia.

"Batu," akasema.

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi hasa. Mignonne hakulia pembeni, hiyo haikuwa tabia yake. Alichukua daftari lake, akageuza nyuma ya visanduku, akaanza kuandika majina, asije mtu akasema baadaye huyu alikuwa nani. Aliwaonyesha wapi pa kusimama ili jua lisiwafunge macho. Alitaka nyuma yao paonekane reli, akahamisha mlolongo wote hatua nne kushoto, na watu wote wakahama na mabeseni yao bila kukanyagana. Tata Ngeleka akapita nyuma akiagiza: jina, nyumba, kitu kimoja ulichoacha, basi. Wasitaje kabati zote. Waachie na wengine nafasi.

Wakapita. Mwenye nyumba ya karibu na kanisa, aliacha redio inayoongea Kiswahili peke yake, stesheni nyingine haikubali. Mwalimu wa shule ya msingi, aliacha mitihani haijasahihishwa. Mama wa mapacha, aliacha kaburi la mtoto wa tatu, akaomba anayekaa pale sasa alipalilie. Mvulana wa miaka kumi hivi alisema aliacha mpira juu ya paa. Kila mmoja alipewa tatu zake.

Mignonne alipoinua macho toka daftarini alimwona Ndaya anashuka jukwaani. Alikuwa ameelewa bila kuambiwa. Aliitoa beseni kichwani, akaiweka mwishoni mwa mlolongo, akaenda kumsaidia mama yake kukunja nguo. Hakumwangalia Mignonne. Beseni yenye ukingo mwekundu ikakaa pale kama beseni nyingine yoyote, na mlolongo uliposogea, kijana wa nyuma akaisukuma kwa mguu. Ikasogea. Ikasukumwa tena. Mtu mmoja, huyu hakuwa wa kambi, alikuwa amekuja toka Sandoa kutafuta ndugu zake, akauliza: "Hii ya nani?"

"Ya mutu," akajibiwa na sauti tatu. "Amekwenda kidogo."

Mignonne aliyasikia, akaacha kuandika.

Ilipofika mbele, taa ya betri ilikuwa inakonyeza. Kijana wa nyuma akapiga mbinja, Ndaya akaja mbio akijifuta mikono kwenye kitenge. Hakuwa bibi tena, kitambaa kilikuwa kimeteleza. Akasimama mbele ya kamera na beseni miguuni.

"Ndaya Ngeleka," akasema. "Matrikule siko nayo, niko mwanafunzi. Nyumba sitini na saba. Nilizaliwa hapa, na mule nyumba ya nyuma yangu alikulia Mignonne Kabemba, anaandika pale." Akavuta pumzi. "Niliacha kitu moja. Niliacha beseni. Iko mu mulongo. Mutu asiitoe."

Akageuka akaenda zake kwa mama yake, hatua za kawaida, polepole kama alivyofundishwa. Shafii hakumfuata kwa kamera. Alishuka kwenye ile beseni peke yake chini, akaihesabia kama uso wa mtu, moja, mbili, tatu. Halafu taa ikazima.

Treni ilikuja siku mbili baadaye, saa nne asubuhi. Sitaeleza namna watu walivyopanda, aliyeona ameona. Mama yake Ndaya alitaka kuichukua beseni, ni kitu cha kufulia, kule waendako nani atawapa? Ndaya akamwambia hapana. Akampa Mignonne mkononi, kupitia dirisha lisilo na kioo.

"Umesikia nilisema nini."

"Nilisikia."

"Basi."

Mignonne alitembea mpaka nyumbani na beseni ya mtu kichwani, katikati ya mji, mchana, na vijana waliosimama kwenye vizuizi vya barabara walimwuliza ameiokota wapi. Aliwajibu kwamba wamuulize mama zao beseni huokotwa wapi. Wakampisha.

Aliiweka mlangoni. Mama Huguette akatoka jikoni, mikono ina majani ya sombe, akaitazama. Aliijua. Miaka ishirini aliijua kwa ukingo wake mwekundu, ndiyo ilikuwa mbele yake kila mwisho wa mwezi. Mignonne akakaa tayari kwa vita, maneno yake ameyapanga ulimini. Wingu lilikuwa linakusanyika upande wa migodi. Mama Huguette alitazama juu. Aliinua mguu, akaisukuma beseni hatua moja ndani, isinyeshewe. Kisha akaegemea mlango akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, na Mignonne akamshika.

Filamu haikuendelea. Kwa nini nikudanganye? Mignonne akawa mwalimu, palepale Kolwezi, na bado yupo, na bado ukimuuliza kazi yake anakujibu anatengeneza filamu. Rahima aliipata kasete ya harusi yake ikiwa na nyuso arobaini na moja zisizo za ukoo wake mwishoni. Hakulalamika. Alisema waliokuja ni wengi kuliko alivyoalika, akaomba Shafii amnakilie Mignonne nakala. Kila mwaka Mignonne huwaonyesha wanafunzi wake dakika zile kumi na tatu, na wakimuuliza filamu yenyewe iko wapi, anawaambia huo ni mwanzo tu, wakae.

Amehama nyumba mara tatu. Kila nyumba beseni hukaa karibu na mlango, haitiwi maji, haitiwi unga, haifuliwi nguo. Akifagia huisukuma kwa mguu, hatua moja, halafu huirudisha. Mwaka jana mwanafunzi wake mmoja, Valérie, mtoto wa watu waliokuja juzi kwa ajili ya kobalti, alifika kuomba daftari, akaiona.

"Madame, beseni muzuri vile, hamuitumikishe? Ya nani?"

Mignonne alikuwa anasahihisha mitihani. Hakuinua kichwa.

"Ya mutu," akasema. "Amekwenda kidogo."